Mashine imegoma kukamua? Usianze na bodi

Jumamosi katika nyumba nyingi za mjini ni siku ya nguo. Sare za shule, mashuka, taulo, madera ya nyumbani na jinzi za kijana wa sekondari, vyote vinaisubiri mashine. Inavuta maji, inazungusha huku na huku, inamwaga, inasuuza. Ikifika zamu ya kukamua inaanza kushika kasi, inasita, inajaribu tena, inasita tena, na mwisho inapiga kengele yake ya kumaliza kazi. Ukifungua mlango, nguo zinachuruzika maji.

Simu ya kwanza huenda kwa fundi, na fundi mwenye haraka huwa na jibu la haraka: "Mama, hii bodi imekufa." Bodi ni miongoni mwa spea ghali kabisa ndani ya mashine. Tena haionyeshi kwa macho imeharibikia wapi, na mteja hana cha kubishana nacho. Mimi nabisha. Sababu nyingi zinazozuia mashine kukamua hazimo kwenye bodi. Zimo kwenye maji yaliyobaki, povu, sakafu na mpangilio wa nguo. Mara nyingi mashine iliyogoma haijaharibika hata kidogo. Imekataa kwa makusudi ili isijivunje.

Kwa nini ikatae? Tupige hesabu. Chukua mashine ya mlango wa mbele yenye dramu ya kipenyo cha sentimita 48, inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika. Nguo iliyogandamana na ukuta wa dramu hiyo inasukumwa nje kwa nguvu inayoushinda uzito wake zaidi ya mara 380. Nguvu hiyo ndiyo inayoyatoa maji. Sasa weka taulo moja lililolowa, la nusu kilo tu, lijikunje upande mmoja na upande wa pili pasiwe na kitu cha kulilinganisha. Taulo hilo litaivuta dramu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 190 hivi, na mvuto huo utazunguka mara 20 kila sekunde. Mashine ya Bendix, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937 na kuwafulia watu majumbani yenyewe, haikuwa na springi za kuubeba mtikisiko wa namna hiyo. Ilibidi ifungwe kwa boliti kwenye sakafu.

Za leo zimejengwa vingine. Dramu unayoiona ukifungua mlango iko ndani ya pipa la plastiki linaloshika maji. Pipa hilo limening'inizwa kwenye springi, chini limewekewa shokapu, na limefungwa tofali zito, aghalabu la zege, ili lisirukeruke. Tena mashine imefundishwa kujipima. Kabla ya kukamua, huizungusha dramu taratibu, mizunguko 80 hadi 100 hivi kwa dakika, mpaka nguo zishike ukutani, huku kifaa kidogo kwenye mota kikisoma kama mwendo ni sawa au unapepesuka. Ukipepesuka inasimama, inazikung'uta nguo, inaanza upya. Ikishindwa mara kadhaa, ama hukamua kwa kasi ndogo, ama huacha kabisa na kuandika herufi kwenye kioo: LG huandika UE, Samsung huandika UE au Ub kulingana na toleo. Watu wengi wakiziona herufi hizo husema mashine inaumwa, ilhali inawaambia wapange nguo.

Kwa hiyo fungua mlango kwanza. Mzigo mbaya kuliko yote si ule mkubwa, ni ule wa kitu kimoja kizito: blanketi peke yake, zulia dogo la bafuni, jinzi mbili, taulo kubwa moja. Wengi hukimbilia kupunguza nguo, wakati dawa ni kuongeza. Taulo moja likisumbua, lipe wenzake wawili. Foronya ya duveti nayo ina tabia ya kumeza soksi na nguo za watoto hadi zinakuwa donge, kwa hiyo ifunge vifungo vyake kabla hujaiingiza. Doti ya khanga ambayo haijakatwa, ikikutana na mikanda ya dera, husokotana ikawa kamba moja nene. Chandarua ndicho kiboko. Kwenye mashine za mlango wa juu hujizungusha kwenye sahani ya chini, kikaburuta kila kilicho karibu. Chandarua kifue kwa mkono, na kama ni cha dawa basi kwa upole zaidi.

Wenye mashine za kujiendesha za mlango wa juu wana sababu nyingine ya kuujali mpangilio. Nyingi za aina hiyo, zikishindwa kulinganisha mzigo, hufungulia maji upya, zikazielesha nguo, zikamwaga, ndipo zikajaribu tena. Nyumba inayonunua maji ya boza itaona tangi limekauka bila kujua yamekwenda wapi.

Kuna vitu havitakiwi kukamuliwa kwa kasi kabisa. Koti la mvua, kifuniko cha godoro cha kuzuia mkojo wa mtoto, na kitambaa chochote kisichopitisha maji hufanya mfuko ndani ya dramu. Maji yanabaki ndani ya mfuko, kasi inapanda, kisha mfuko unafunguka ghafla upande mmoja. Novemba 2016, Samsung na mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani walitangaza kurejeshwa kwa mashine za mlango wa juu zipatazo milioni 2.8, kwa sababu kifuniko chote cha juu kiliweza kung'oka wakati wa kukamua. Wateja waliokuwa wakisubiri matengenezo waliambiwa watumie kasi ya chini kwa matandiko, vitu vikubwa na vitambaa visivyopitisha maji. Ushauri huo unaifaa mashine ya kampuni yoyote.

Sasa sakafu. Bafu na ua wa kufulia hujengwa kwa mteremko ili maji yaelekee kwenye shimo, na hapohapo ndipo mashine huwekwa. Azima pima maji kwa mwashi, iweke juu ya mashine, kisha zungusha miguu mpaka kipovu kikae katikati. Halafu kaza nati za juu ya miguu. Nati zisipokazwa, mtikisiko utairudisha miguu ilikotoka. Bonyeza pembe moja moja kwa mkono, mashine isichezecheze. Kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu kitalowa siku ya kwanza, na kitakuwa kimelainika kabla mwezi haujaisha.

Mashine mpya hutoka kiwandani na boliti ndefu mgongoni, tatu au nne, zinazolishikilia pipa lisicheze safarini. Boliti hizo zisipotolewa, mashine hutembea chumba kizima siku ya kwanza ya kukamua. Zikitolewa zitunzwe. Nalisema hili kwa sababu ya mashine za mtumba. Mashine iliyotumika Dubai au Uingereza imevuka bahari ndani ya kontena, ikapanda kirikuu, pengine ikamalizia kwa mkokoteni, yote hayo bila boliti zake. Pipa limepigwa huku na huku, springi moja imechomoka kwenye ndoano, shokapu imepinda. Muuzaji anaiwasha dukani bila nguo, inazunguka vizuri, unalipa. Ukiifikisha nyumbani na kuijaza, inagonga ubavu. Kabla ya kulipa, fungua mlango, likandamize pipa chini kwa mikono miwili kisha liachie. Lipande, litulie. Likiendelea kunesa, shokapu zimekwisha. Likiwa limelalia upande, springi haipo mahali pake. Kwenye mashine ya mlango wa juu, pipa linashikiliwa na fimbo nne zenye springi, moja kila pembe. Fimbo moja ikichoka, pipa linainama na kugonga mwili wa mashine kila linapokamua.

Mashine pia haikamui ikiwa bado ina maji. Kuna kipimo kinachoiambia kuwa pipa ni tupu, na kisiposema hivyo, kasi haipandi. Angalia chujio la pampu, lile lenye kifuniko kidogo chini mbele. Weka beseni na tambara, kisha fungua polepole, maana maji yatatoka mengi. Humo ndimo zinamoishia pini za nywele, vifungo, vijiti vya meno na sarafu za kila nchi. Angalia na bomba la kutolea maji. Likiwa limekunjika nyuma ya mashine, au limeshindiliwa ndani sana kwenye shimo la maji machafu, pampu itahangaika bure. LG huandika OE tatizo likiwa hilo, Samsung 5E au 5C.

Adui ninayemlaumu kuliko wote ni povu, na hapa kosa si la mashine wala la fundi. Sabuni nyingi za unga madukani kwetu zimetengenezwa kwa ajili ya beseni na mikono, na mfuaji wa mkono huipima sabuni kwa povu lake: lisipojaa, sabuni "haina nguvu". Sabuni hiyohiyo ikiingia ndani ya mashine ya mlango wa mbele, ambayo hutumia maji kidogo na kuyapigapiga bila kupumzika, povu linajaa katikati ya dramu na pipa. Pale linafanya kazi ya breki. Pampu nayo haiwezi kuvuta povu, kwa kuwa imetengenezwa kuvuta maji. Kipimo kinachanganyikiwa, mota inalemewa, kasi haipandi, na bodi isiyo na hatia inaingia kwenye mazungumzo. Ukiona povu kwenye kioo wakati wa kusuuza, zima, acha saa nzima lishuke, kisha suuza bila sabuni yoyote, mara mbili ikibidi. Kisha badili sabuni. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na anza na nusu ya kiasi ulichozoea.

Yote hayo yakiwa sawa na mashine bado haikamui, au inakamua kwa kelele, sasa tunaingia kwenye vyuma. Chomoa waya kwenye soketi kwanza. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Zungusha dramu kwa mkono ukiwa umetega sikio. Ikizunguka laini, vizuri. Ikikwaruza au kunguruma, na wakati wa kukamua mngurumo ukapanda pamoja na kasi kama ndege inayopaa, beringi zimekwisha. Hakikisha kwa kushika mdomo wa juu wa dramu na kuinyanyua. Dramu na pipa vikipanda pamoja, hizo ni springi tu. Dramu ikicheza peke yake ndani ya pipa, hakuna ubishi tena.

Beringi mara nyingi hazianzi kufa zenyewe. Nyuma ya dramu kuna sili ya mpira inayozuia maji yasizifikie. Sili ikichakaa, maji ya sabuni hupenya, huosha grisi, kutu inaanza, na mstari wa rangi ya kahawia huonekana mgongoni mwa pipa. Habari njema ni kwamba beringi za mashine nyingi ni za vipimo vya dunia nzima. Namba imechapwa ubavuni: 6204 ina tundu la milimita 20, 6205 la 25, 6206 la 30. Duka la spea za magari au pikipiki linaweza kuwa nazo, na si lazima uagize kwa jina la kampuni ya mashine. Sili ni habari nyingine, inatakiwa ya mashine ileile. Fundi anayetaka kubadili beringi na kuiacha sili ya zamani anakuandalia gharama ya pili, mwambie hapana.

Kuna kifo kingine, chenye siri zaidi, na kwa watu wa pwani ni cha kuangaliwa sana. Dramu ya chuma kisichoshika kutu imefungwa nyuma kwenye kishikio chenye mikono mitatu, ambacho mara nyingi ni cha aluminiamu. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi, ongeza mabaki ya sabuni na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, halafu funga mlango baada ya kazi ili unyevu ukae humo usiku kucha. Mkono unaliwa mpaka unabaki unga wa kijivu, na siku moja unakatika katikati ya kukamua. Dalili zake ni dramu kuyumba ingawa beringi hazingurumi, na nafasi kati ya dramu na mpira wa mlango kuwa pana upande mmoja na finyu upande wa pili. Mashine ya namna hiyo isiwashwe tena, kwa sababu mkono uliokatika unaweza kulitoboa pipa.

Mlio wa kugonga wenye vipindi sawasawa, mwepesi, huwa ni sarafu au waya wa sidiria uliopenya kati ya dramu na pipa. Ukiwa na bahati utashuka hadi kwenye chujio. Usipokuwa nayo, fundi atalazimika kutoa hita na kuuvuta kupitia tundu lake.

Kwenye mashine nyingi za mlango wa mbele zinazotumia mkanda, kuna spea ndogo iliyosababisha mota nyingi nzima kuhukumiwa kufa: kaboni. Ni vijiti viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, na huisha kwa kusuguliwa. Zikibaki fupi, chini ya sentimita moja na nusu hivi, mashine inafua leo na kesho inagoma. Ukiisukuma dramu kwa mkono inaondoka. Wakati mwingine inatoa cheche na harufu ya kuungua. Jozi ya kaboni bei yake haikaribii ya mota. Muulize fundi kama amezipima. Mkanda nao uangaliwe ukiwa wazi, usiwe umelegea, umepasuka au umetoka kwenye puli. Mashine za mota iliyofungwa moja kwa moja nyuma ya dramu hazina mkanda wala kaboni. Kwazo, kitu cha kushukiwa kabla ya bodi ni kile kifaa kidogo kinachosoma mwendo.

Mashine ya mlango wa juu ya kujiendesha ina ujanja wake. Katika nyingi, kimota kimoja kidogo kinavuta kebo inayofanya kazi mbili kwa pamoja: inafungua valvu ya kumwaga maji, na inaachia klachi ili dramu nzima izunguke. Kimota kikifa, maji hayatoki na dramu haikamui, na mtu asiyejua atadhani ana matatizo mawili. Kama maji yanatoka, mota inaunguruma, ila hakuna kinachozunguka, shuku kapasita.

Ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, ndiyo rahisi kuielewa, na mtu anaweza kuitunza miaka mingi. Upande wa kukamua una mota yake, swichi yake ya kifuniko na breki yake. Kebo ya breki ikilegea, breki inabaki imeng'ang'ania hata kifuniko kikifungwa. Mota inaunguruma, inanuka, haiendi. Pipa likizunguka kwa mkono bila mota kulifuata, skrubu za maungio ya chini zimelegea. Soksi ya mtoto iliyodondoka nje ya pipa dogo inatosha kulisimamisha. Usisahau ile sahani ya plastiki ya kukandamizia nguo juu. Wengi huitupa wiki ya kwanza, kisha wanashangaa nguo kuruka. Kapasita mwachie fundi, kwa kuwa inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Yako ni kuhakikisha ile mpya ina namba ileile ya maikrofaradi, na volti isiyo pungufu ya ile ya zamani.

Na bodi? Hufa, ndiyo. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huziua, na mende pia, wanaopenda joto lake. Stabilaiza nzuri ni ya bei nafuu kuliko bodi. Lakini bodi inayofua, inayovuta maji, inayomwaga na inayoandika herufi sahihi kwenye kioo ina utetezi mkubwa mbele ya mahakama.

Wanaopanga kununua wajue jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Baadhi ya viwanda siku hizi huliunganisha pipa la nje kwa kuliyeyusha, halina boliti za kulifungulia. Beringi zikifa, kiwanda kinakutaka ununue pipa zima. Mafundi wetu hulikata kwa msumeno, wakabadili beringi, wakatoboa matundu kuzunguka mdomo na kulifunga kwa boliti na silikoni. Likifanywa kwa subira halivuji, ila si kazi ya kumpa mtu anayejifunza. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021 zinawataka watengenezaji kuwapatia mafundi spea kama mota, kaboni, shokapu, beringi na kile kishikio cha dramu kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Nasi tunastahili ulinzi kama huo, hasa kwa kuwa mashine zao zikichoka nyingi huletwa kwetu. Kwa sasa, muulize muuzaji maswali mawili: pipa lake linafunguka kwa boliti, na sili yake inapatikana Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi? Akikosa jibu, nenda duka la pili.

Kwa mwenye mashine iliyogoma leo: toa nguo, safisha chujio, iwashe ikamue ikiwa tupu. Ikikamua vizuri bila mzigo, huenda bado huhitaji fundi. Isipokamua, mwite, na akikutajia bodi mwombe kwanza akuonyeshe kaboni, mkanda na kapasita alivyovipima. Fundi anayekasirika kwa ombi hilo mlipe nauli yake aende.